Wasomaji Wanauliza: Jiwe Linaloshikana na Mfupa

Safari hii ukurasa umetengwa kwa jambo moja, kwa sababu barua zilizotufikia zinakaribiana sana: zote zinahusu punje, unga au vipande vyeupe vyenye kalsiamu ambavyo madaktari wa mifupa hujazia mapengo. Barua zimefupishwa, na majina ya walioandika hayakutajwa.

Mdogo wangu aligongwa akiwa kwenye bodaboda, mfupa wa muundi ukavunjika vipande vipande. Baada ya upasuaji daktari alitueleza kwamba amefunga chuma na kujaza pengo kwa punje nyeupe za seramiki. Sisi tulidhani mwili hukataa kila kitu kigeni. Inakuwaje punje za jiwe ziachwe humo ndani na mfupa ukubali kushikana nazo? (Msomaji, Morogoro)

Poleni sana kwa ajali hiyo. Ni kweli kwamba mwili hutambua kitu kigeni, lakini hauvipokei vitu vyote kwa namna moja. Ukiwekewa plastiki au chuma cha pua, ambavyo havibadilishani kitu cha maana na majimaji yanayovizunguka, kwa kawaida hujenga utando wa nyuzinyuzi na kukitenga kitu hicho. Utando huo si ugonjwa, ila ni mpaka: mfupa hukua hadi hapo ukasimama. Seramiki za kalsiamu ni tofauti, kwa kuwa huanza kubadilishana kemikali na mwili tangu saa za kwanza, na mabadilishano hayo ndiyo yanayofuta mpaka.

Ili kulielewa hilo, tazama kwanza mfupa wenyewe. Takriban theluthi mbili za uzito wake ni madini, na sehemu kubwa ya kiasi kinachobaki ni protini ya kolajeni pamoja na maji. Madini hayo ni aina ya haidroksiapataiti, yaani fosfeti ya kalsiamu, ambayo katika hali yake safi ina atomu 10 za kalsiamu kwa kila atomu 6 za fosforasi. Ya mfupani si safi: imechanganyika na kaboneti kidogo, magnesiamu na sodiamu, na fuwele zake ni ndogo mno, jambo linaloifanya iyeyuke kwa urahisi zaidi kuliko ile inayochomwa katika tanuri la maabara. Punje alizowekewa mdogo wako, kama ni za fosfeti ya kalsiamu, zinatokana na familia hiyo hiyo ya madini.

Punje zikishalowa damu, kiasi kidogo cha uso wake huyeyuka na kuachilia ayoni, yaani chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme, za kalsiamu na fosfeti. Majimaji yaliyo karibu na uso huo hujaa ayoni kupita kiwango yanachoweza kubeba, na ayoni hizo hutua tena juu ya punje zikiwa utando mwembamba wa apataiti inayofanana na ya mfupani. Protini za damu hujishika kwenye utando huo, seli zinazojenga mfupa hujishika kwenye protini, kisha huanza kutandaza kolajeni na kuijaza madini. Apataiti ya punje na apataiti ya mfupa mpya huishia kuungana moja kwa moja, bila utando wa nyuzinyuzi kati yake.

Aliyeonyesha kwa mara ya kwanza kwamba kitu kilichotengenezwa na binadamu kinaweza kushikana hivyo na mfupa ni Larry Hench wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani. Mwaka 1967, akiwa ndani ya basi njiani kwenda mkutanoni, alizungumza na kanali wa jeshi aliyekuwa amerejea kutoka Vietnam, ambako askari wengi walikuwa wakikatwa viungo kwa sababu vyuma na plastiki za wakati ule hazikukaa vizuri mwilini. Hench alikuwa mtaalamu wa vioo, wala hakuwa daktari. Alibuni kioo chenye asilimia 45 za silika (madini ya mchanga), 24.5 za oksidi ya sodiamu, 24.5 za oksidi ya kalsiamu na 6 za oksidi ya fosforasi, kwa uzito. Mwaka 1969 vipande vyake viliwekwa katika mifupa ya paja ya panya, na baada ya wiki 6 daktari aliyekuwa akishirikiana naye, Ted Greenlee, alitoa taarifa kwamba vipande havitoki. Alivisukuma, lakini vilikuwa vimeshikana na mfupa. Kioo hicho si fosfeti ya kalsiamu tangu mwanzo, lakini kikiwa mwilini hutoa sodiamu, hujivika tabaka la silika, kisha juu yake hujenga apataiti ile ile. Ninakitaja kwa sababu kinathibitisha jambo kuu katika barua zote za leo: kinachoshikana na mfupa ni uso mpya unaojengwa baada ya nyenzo na mwili kukutana.

Kuna tahadhari moja nisingependa familia yenu iikose. Punje hizi huupa mfupa njia ya kupita, ila haziwezi kubeba mzigo wa mwili. Seramiki hustahimili kukandamizwa, lakini huvunjika upesi inapopindwa au kuvutwa, ndiyo maana daktari amefunga chuma. Kitu kingine kinachoharibu mshikamano huo ni mtikisiko, kwa kuwa pengo linalotikisika hujaa nyuzinyuzi badala ya mfupa hata kama punje ni bora kiasi gani. Daktari akisema mguu usikanyage chini hadi tarehe fulani, anailinda kazi hiyo isiyoonekana.

Mama yangu alivunjika karibu na goti. Pengo lilijazwa kitu ambacho daktari alikiita jasi ya kitabibu, na wiki chache baadaye jeraha likaanza kutoa majimaji meupe. Jirani yetu yeye aliwekewa seramiki ya aina nyingine, na mpaka leo, mwaka wa pili, picha ya eksirei inaonyesha weupe pale pale. Ni nani kati yao aliyefanyiwa vibaya? (Msomaji, Mwanza)

Kabla ya maelezo yote, mrudisheni mama hospitali aonwe jeraha. Jasi inapoyeyuka inaweza kutoa majimaji yenye rangi ya maziwa ambayo hayana vijidudu na hukauka yenyewe, na madaktari wanaoitumia wanalijua tatizo hilo. Hata hivyo hakuna anayeweza kuyatofautisha na usaha kwa kuyatazama tu nyumbani, hasa mgonjwa akiwa na homa, au sehemu hiyo ikiwa imevimba, ina joto na inauma zaidi kuliko juzi.

Huenda wote wawili walitibiwa sawasawa, kwa kuwa nyenzo hizi zinatofautiana sana kwa kasi ya kuyeyuka. Jasi, yaani salfeti ya kalsiamu, ni ile ile ya P.O.P. ambayo mafundi wa hospitali hufungia mguu uliovunjika, ila ya ndani ya mwili imesafishwa kwa kiwango cha juu. Ndiyo kongwe kuliko zote: daktari Mjerumani Dreesmann aliandika mwaka 1892 kuhusu kuijaza katika mapango ya mifupa. Huyeyuka yenyewe ndani ya wiki 4 hadi 12 hivi, iwe mfupa umefika au haujafika, na mara nyingi huutangulia mfupa. Trikalsiamu fosfeti ya aina ya beta hukaa miezi kadhaa hadi mwaka mmoja au miwili, na sehemu kubwa ya kuondoka kwake ni kazi ya seli zinazokula mfupa, ambazo hutoa asidi juu ya uso wake kama zifanyavyo juu ya mfupa uliochakaa. Haidroksiapataiti iliyochomwa kwa joto kubwa ndiyo inayokaa muda mrefu kuliko zote, na inaweza kuonekana kwenye picha miaka mingi baadaye, mfupa hai ukiwa umeizunguka na kuingia ndani ya vitundu vyake.

Fundi anayejenga ukuta hutaka jukwaa lisimame hadi atakapomaliza, wala asingependa libaki hapo maisha yote. Kwa sababu hiyo watengenezaji huchanganya haidroksiapataiti na trikalsiamu fosfeti katika punje moja, na kwa kubadilisha uwiano wa viwili hivyo wanaweza kuchelewesha au kuharakisha kuyeyuka. Umbo nalo lina uzito wake. Vitundu vinapaswa kuwa na upana wa zaidi ya mikromita 100, na wengi wanapendelea 300 au zaidi, ili mishipa ya damu ipite. Tena vitundu hivyo viwe vimefunguliana, kwa maana kitundu kikubwa kilichozibwa pande zote hakina faida kwa mfupa.

Kwa maoni yangu, mgonjwa anapaswa kuelezwa kabla ya upasuaji ni nyenzo gani itatumika na inatarajiwa kukaa muda gani. Jirani yenu angeelezwa hivyo, weupe kwenye picha usingemtia hofu. Swali lake kwa daktari sasa liwe kama ukingo kati ya weupe huo na mfupa umepotea au bado kuna mstari mweusi unaouzunguka, kwa sababu mstari unaoendelea kuonekana, hasa mgonjwa akiwa bado na maumivu, unaweza kuwa dalili kwamba mshikamano haujapatikana.

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi wa nyenzo. Tumefundishwa kwamba ili kujua kama seramiki ina utendaji wa kibayolojia, yaani uwezo wa kushikana na tishu hai, tuiloweke katika maji yenye ayoni zinazofanana na za damu. Apataiti ikijitokeza juu yake, imefaulu. Je, kipimo hiki kinatosha kudai kwamba itashikana na mfupa wa mtu? (Msomaji, Nairobi)

Marahaba. Hakitoshi, na nimefurahi kwamba umeuliza mapema, kwa maana makosa mengi katika fani hii huanzia hapo.

Kipimo hicho kilienezwa na Tadashi Kokubo wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Yeye na wenzake walikuwa wameunda seramiki ya kioo iliyoshikana na mfupa vizuri, nao wakaona kwamba tabaka la apataiti linalojengwa juu yake ndani ya mnyama hujengwa pia katika chombo cha maabara chenye maji hayo kwenye nyuzi 36.5. Lilikuwa wazo zuri, lililookoa wanyama wengi na gharama nyingi, na mwaka 2007 likafanywa kuwa kiwango cha kimataifa kupitia shirika la ISO.

Lakini linganisha maji hayo na damu. Kalsiamu ni sawa, milimoli 2.5 kwa lita. Sodiamu ni sawa, 142. Baikaboneti, hata hivyo, ni 4.2 tu katika maji ya kawaida ya kipimo, ilhali katika damu ni 27. Protini hazimo, ingawa katika mwili ndizo zinazofika kwenye uso wa nyenzo ndani ya sekunde chache na zinaweza kuzuia au kuharakisha fuwele kukua. Seli nazo hazimo. Mwaka 2009 Marc Bohner na Jacques Lemaître walichapisha makala iliyouliza waziwazi kama kweli utendaji wa kibayolojia unaweza kupimwa kwa maji hayo, wakaonyesha kwamba kipimo kinaweza kukosea pande zote mbili. Trikalsiamu fosfeti ya beta ndiyo mfano unaosumbua kuliko yote: hushikana na mfupa na hutumika kwa wagonjwa kila siku, lakini mara nyingi haivai apataiti katika maji hayo. Kwa upande mwingine, kwa kuwa maji yenyewe tayari yana ayoni nyingi kuliko yanavyoweza kubeba kwa utulivu, apataiti inaweza kutua hata juu ya kitu ambacho mfupa hautakipenda.

Ushauri wangu ni kwamba utumie kipimo hicho kwa kuchuja, kisha uandike katika ripoti yako kile tu ulichokiona: kwamba apataiti imejengwa juu ya nyenzo hii, katika maji ya muundo huu, kwa siku kadhaa, uso wa nyenzo ukiwa na ukubwa fulani kwa ujazo fulani wa maji. Thibitisha pia kwamba ni apataiti kweli kwa kutumia mionzi ya eksi, kwani picha ya hadubini ya elektroni pekee haitofautishi fuwele za apataiti na za chumvi nyingine. Neno kwamba nyenzo inashikana na mfupa lisubiri majaribio ya seli na ya wanyama yaliyoidhinishwa na kamati ya maadili.

Hapa pwani tuna matumbawe mengi, na nimesikia kwamba hutumiwa kutengenezea mifupa. Je, ni kweli, na sisi tunaweza kuyatumia yetu? Pia, je, nyenzo hizi zinaweza kuwa zimetoka kwa mnyama ambaye dini yangu imemkataza? (Msomaji, Tanga)

Ni kweli. Mifupa ya matumbawe ni kaboneti ya kalsiamu, na baadhi ya jamii zake, hasa Porites na Goniopora, zina vitundu vilivyofunguliana vyenye upana unaokaribia ule unaotakiwa na mfupa. Mwaka 1974 Della Roy na Sari Linnehan walichapisha njia ya kuyapika matumbawe katika myeyusho wa fosfeti kwa joto na shinikizo kubwa hadi kaboneti igeuke haidroksiapataiti bila kupoteza umbo lake. Bidhaa za namna hiyo zilifika hospitalini.

Utafiti ulionivutia zaidi kuhusu nyenzo hiyo ulifanyika barani mwetu. Ugo Ripamonti wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, aliweka haidroksiapataiti iliyotokana na matumbawe ndani ya msuli wa tumbo wa nyani, mahali ambapo hakuna mfupa wowote, na mwaka 1991 akaripoti kwamba mfupa ulizaliwa ndani ya vitundu vyake bila kuongezwa protini yoyote ya kuuchochea. Kwa kawaida tunasema seramiki huuongoza mfupa uliopo, na kwamba hauwezi kuzaliwa pasipo kuwapo. Matokeo ya Ripamonti, pamoja na mengine yaliyofuata kwa mbwa na kondoo, yalionyesha kwamba umbo la vitundu na kemia ya uso vikipatana, jiwe peke yake linaweza kuwaita wajenzi. Maelezo ya jinsi hilo linavyotokea bado yanabishaniwa, na si kila mnyama hutoa jibu hilo hilo.

Kuhusu matumbawe yetu, nasema bila kusita: tuyaache baharini. Mikindani na Mafia zimekwisha kuona miamba hai ikivunjwa kwa ajili ya chokaa, na samaki wakapoteza makazi. Biashara ya kimataifa ya matumbawe magumu inadhibitiwa na CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, na hakuna haja ya kitabibu ya kuyagusa, kwa sababu fosfeti ya kalsiamu hutengenezwa maabara kutokana na kemikali za kawaida, na vitundu vyake vinaweza kupangwa. Watafiti wengi hutumia pia maganda ya mayai, ambayo nayo ni kaboneti ya kalsiamu na hutupwa kila siku. Ukikuta mtu anauza unga wa matumbawe kama dawa ya kuunga mifupa, usiununue. Kinachowekwa ndani ya mwili hupimwa metali nzito na kuuliwa vijidudu kwanza.

Swali lako la dini ni la haki kabisa. Baadhi ya nyenzo, hasa zinazotumiwa na madaktari wa meno, hutokana na mifupa ya ng'ombe iliyoondolewa protini, na nyingine hutokana na nguruwe. Zile za kutengenezwa maabara hazina asili ya mnyama. Asili huandikwa kwenye pakiti, basi mwombe daktari akuonyeshe kabla ya siku ya upasuaji, ili kama inabidi atafute nyingine apate nafasi.

Mwanangu wa miaka 11 ana selimundu, na mfupa wake wa mguu umekuwa ukitoa usaha kwa muda mrefu. Ameshasafishwa mfupa na bado unarudi. Daktari sasa amezungumzia kuweka punje zenye dawa ndani yake. Je, si hatari kuweka kitu kigeni mahali penye ugonjwa? (Mama, Kisumu)

Pole sana, mama. Wasiwasi wako una msingi: seramiki tupu ikiwekwa kwenye mfupa wenye vijidudu, vijidudu hujificha juu yake, na daktari mwangalifu hawezi kufanya hivyo. Alichokizungumzia ni jambo jingine.

Mfupa uliokufa hauna damu, na dawa tunayomeza au kudungwa husafiri kwa damu, kwa hiyo haifiki pale vijidudu vilipo. Ndiyo sababu kazi ya kwanza ni kuondoa mfupa wote uliokufa, na hakuna punje inayoweza kufidia kazi hiyo isipofanywa kikamilifu. Baada ya hapo hubaki pango, nalo hujaa damu iliyoganda na kuwa makao mapya ya vijidudu. Jasi iliyochanganywa na antibaotiki kama jentamaisini hulijaza pango hilo na kuachilia dawa papo hapo kwa kiwango ambacho kingekuwa hatari kama kingepitia damu ya mwili mzima, kisha huyeyuka, kwa hiyo haihitaji upasuaji mwingine wa kuitoa. Kuna pia kioo kilichoendelezwa Turku, Ufini, chenye silika asilimia 53, ambacho huzuia vijidudu bila antibaotiki yoyote: ayoni zake huongeza ualkali na chumvi katika majimaji yaliyo karibu hadi vijidudu vishindwe kustawi.

Mambo mawili ya kumuuliza daktari. La kwanza, je, usaha au kipande cha mfupa kimeoteshwa maabara? Watoto wenye selimundu hupata maambukizi ya mifupa ya Salmonella mara nyingi kuliko watoto wengine, na dawa inayochanganywa na jasi lazima ilingane na kijidudu kilichopatikana. La pili, je, pango liko karibu na sehemu inayorefusha mfupa? Mwanao bado anakua, na sehemu hiyo haipaswi kuguswa. Dawa za kumeza au za sindano zitaendelea hata punje zikiwekwa.

Je, nikimeza vidonge vya kalsiamu, seramiki niliyowekewa itashikana na mfupa upesi zaidi? (Msomaji, Dodoma)

Kama mwili wako hauna upungufu, hapana. Kiwango cha kalsiamu katika damu hulindwa kwa homoni kisipande wala kushuka ovyo, na ayoni zinazohitajika pale kwenye pengo hutoka zaidi kwenye seramiki yenyewe. Mwenye upungufu wa kalsiamu au wa vitamini D atibiwe upungufu huo kwa sababu zake nyingine. Ukitaka kuusaidia mfupa wako, acha sigara kabisa hadi utakapopona, dhibiti sukari kama una kisukari, na umweleze daktari dawa za maumivu unazonunua mwenyewe dukani, kwa kuwa baadhi yake, za kundi la diklofenaki na aibuprofeni, zinashukiwa kuchelewesha mfupa kuunga zikitumiwa kwa muda mrefu.